Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa LATRA (Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini): bei ya mzigo wa treni nayo ibandikwe ukutani

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Nauli ya mizigo relini

Salaam. Nauza nondo Gerezani, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi wako Kigoma.

Leo asubuhi nilikuwa natafuta lori la kwenda huko. Dalali wa kwanza akataja bei. Nikampigia wa pili, nikamtajia bei ya mwenzake nikiwa nimeipunguza kidogo (Mungu anisamehe), akashuka. Wa tatu akashuka tena. Chai haijapoa, gari ninalo. Lakini nondo ni mzigo wa treni hasa. Lori na mzigo wake vikizidi tani 56, mizani haina mjomba. Tabu ni kwamba kwenye reli hakuna dalali wa pili wa kumpigia.

Nauli ya abiria wa SGR, reli yetu ya kisasa, kwenda Dodoma ilipotangazwa, 31,000 daraja la kawaida, hata watoto waliijua. Natamani tani ya nondo nayo ijulikane hivyo, stesheni kwa stesheni.

Nasema hivi kwa sababu Serikali inafungua mlango kwa kampuni binafsi kuendesha treni zao kwenye njia za Shirika la Reli Tanzania (TRC). Jambo jema. Ila watakaoingia watakimbilia mnono: makontena ya Kongo na Burundi, ambayo bandari ya Mombasa nayo inayataka. Huko bei itashuka. Sasa mwenye duka wa Uvinza, ambaye treni inampita mlangoni kabla ya kufika Kigoma, nani atamgombania? Anaweza kujikuta analipa zaidi kwa safari fupi ili kufidia punguzo la wa mbali.

Marekani yaliwakuta. Mji wenye kampuni mbili za reli ulilipa kidogo, wa katikati wenye moja ukakamuliwa. Mwaka 1887 wakatunga sheria: bei zitangazwe, na safari fupi isitozwe zaidi kuliko ndefu kwenye njia ileile, mazingira yakifanana. Baadaye wakabana mno, baadhi ya reli zikafilisika, wakalegeza mwaka 1980. Bei zikashuka kweli, lakini kampuni zikaungana hadi zile kubwa zimebaki 6. Leo mteja mwenye reli moja tu hasikilizwi kuhusu bei mpaka atozwe zaidi ya asilimia 180 ya gharama zinazobadilika (zinazopanda na kushuka kwa kadiri ya mzigo) za kusafirisha mzigo wake, na kesi kubwa hula mamilioni ya dola. Mwuza nondo gani ataziweza?

Kwa hiyo, kabla treni ya kwanza ya binafsi haijachukua mzigo, tozo ya kutumia njia iwe sawa kwa TRC na kwa mgeni, na punguzo analopewa mkubwa liandikwe mahali tunapoliona. Mwenye behewa moja naye awe na pa kulalamikia bila kukodi wakili.

Mkiitisha kikao cha wadau, tangazeni mapema. Nitafunga duka nije.

Wako,
Mwuza nondo, Gerezani