Kwa nini tunakutoza pesa ya kupima vikalio vya slivu

Malalamiko ni yale yale, mlalamikaji tu ndiye anayebadilika. Mwenye lori analeta bloku ya injini asubuhi, anataka slivu sita (mitungi ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zitiwe na jioni aondoke nayo. Akirudi anakuta bloku bado iko mezani, slivu zimo maboksini, na kwenye bili kuna mstari umeandikwa "kupima vikalio". Hapo maneno yanaanza. "Fundi, mimi nimekuja kutiliwa slivu, sikuja kuangaliziwa." Wiki hii mteja mmoja alituita wezi mbele ya watu, akaipakia bloku yake kwenye pikapu akaenda kwa fundi mwingine. Hatukujibizana naye. Lakini wako wengi wenye dukuduku hilo hilo ambao hawajalitamka, kwa hivyo leo tunajibu.

Tunazungumzia slivu za maji, zile ambazo maji ya rejeta yanazizunguka moja kwa moja. Slivu kavu zina masharti yake, tutaziandikia siku nyingine. Slivu ya maji ina kola juu, yaani ukingo uliotokeza nje, na kola hiyo inakalia ngazi iliyochongwa ndani ya bloku. Ngazi hiyo ndiyo kikalio. Slivu ikishakaa, kola yake haitakiwi kulingana na uso wa bloku, sembuse kuwa chini yake. Inatakiwa itokeze kidogo juu. Kipimo kamili kinatoka kwenye kitabu cha injini husika, lakini nyingi tunazopokea zinataka kati ya milimita 0.05 na 0.15. Unywele wa kichwani una unene wa karibu 0.07. Kidole kitakwambia kuna kitu kimetokeza, ila hakiwezi kukwambia kama ni 0.03 au ni 0.09, na injini inaishi au inakufa katikati ya tarakimu hizo mbili.

Sababu ni gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na hedi, kifuniko cha juu cha injini. Ukifunga hedi, pale palipotokeza ndipo panapobanwa zaidi, na mbano huo ndio unaozuia moto usitoroke kwenye silinda. Slivu ikizama, gasketi haina inachokibana. Gesi inapenya, inaingia kwenye maji, na wewe dereva unaona mapovu kwenye rejeta, mipira ya maji imevimba na kuwa migumu, maji yanatapikwa kila unapopanda mlima. Tena slivu isiyobanwa hucheza. Inapanda na kushuka kwa kila mpigo, inasaga kikalio chake, kikalio kinazidi kwenda chini. Upande wa pili, ikitokeza kupita kiasi, hedi inaikalia slivu badala ya kukalia bloku, matundu ya maji na mafuta ya pembeni yanaanza kuvuja, na kola yenyewe inaweza kupasuka pale inapoungana na mwili wa slivu. Na kuna kosa la tatu ambalo mafundi wengi hawaliangalii kabisa: slivu mbili jirani kupishana. Kila moja peke yake inaweza kuwa ndani ya kipimo, lakini moja ikiwa juu na mwenzake chini, hedi inaegemea ile ya juu na gasketi inaungulia kwa ile ya chini.

Sasa, hiyo pesa ya kupima inafanya kazi gani? Kwanza usafi. Kikalio kinatolewa kutu, masizi na mabaki ya silikoni ya fundi aliyetangulia, kwa mkono, bila greinda. Kipande cha masizi kisichoonekana kwa macho kinaweza kuiinua slivu upande mmoja, ukafikiri iko sawa, kumbe ni uchafu unaokupa kipimo. Uchafu huo utasagika barabarani na slivu itashuka.

Kisha bloku inalala. Mteja huliona hili kama uvivu wetu, nasi hatutaliacha. Bloku iliyoletwa juu ya pikapu saa saba mchana katika jua la Mombasa ina joto jingine kabisa na mikromita, kifaa chetu cha kupimia, iliyokuwa kabatini. Chuma cha bloku kikipata joto la nyuzi 20 zaidi, tundu la kipenyo cha milimita 120 linapanuka kwa karibu 0.026. Kwenye kina cha kikalio mabadiliko ni madogo sana, lakini hatupimi kina peke yake. Tunapima tundu pia, na umbo lake. Kwa hiyo bloku, slivu na vifaa vinakaa chini ya paa moja mpaka joto lao lifanane, ndipo tunaanza.

Mikromita ya kina tunaihakiki kwanza kwa kipande chake cha kipimo. Tukisharidhika nayo, tunapima kila kikalio mahali pane, kuzunguka duara. Pande nne zikipishana zaidi ya 0.02, kikalio kimeliwa upande na lazima kikatwe upya. Tunapima kola ya slivu mpya, pia mahali pane. Ukitoa kina cha kikalio kwenye unene wa kola, unapata slivu itatokeza kiasi gani. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Baada ya hapo tunaitia slivu bila oiringi (pete zake za mpira za kuzuia maji), tunaibana kwa bolti na washa kwa torki, yaani nguvu ya kukaza, iliyoandikwa kitabuni, tunaweka geji ya saa, kipimo chenye mshale, juu ya uso wa bloku na kusoma tena. Karatasi na geji zikikataana, tunatoa slivu na kutafuta sababu kabla ya kuendelea. Mara nyingi ni ukwaru mdogo kwenye kona ya kikalio.

"Lakini slivu ni mpya, za boksi." Tunaisikia kila mara. Mpya si kipimo. Tumewahi kufungua boksi la slivu sita, tano kola zake zikalingana na ya sita ikawa nyembamba kiasi cha kuzama chini ya uso wa bloku. Mwenyewe alikuwa amezinunua kwa bei nzuri na hakutaka kuzirudisha dukani. Tulimwonyesha geji, akasoma kwa macho yake, akazirudisha siku ile ile.

Njia ya mkato inayowagharimu watu zaidi hapa Mombasa ni hii: gasketi ikiungua, badilisha gasketi. Ikiungua tena, peleka hedi ikachongwe. Ikiungua ya tatu, tafuta wa kumlaumu. Mama mmoja wa Jomvu mwenye malori yanayobeba makontena hadi Malaba alitufikia akiwa ameshachongesha hedi moja mara kadhaa. Lori likitoka bandarini tupu halina shida, likipakiwa linaanza kuchemka kwenye mpando wa Mazeras, hata Mariakani halijafika. Tulipoitoa hedi ilikuwa imenyooka kabisa, haikuwa na kosa lolote. Slivu namba nne ilikuwa imezama, na chini ya kola yake kulikuwa na silikoni nyekundu iliyoiva kwa moto. Yule aliyeitia alijua kwamba ina nafasi, akaijaza. Silikoni haibebi slivu. Inaminywa, inaungua, inaondoka, na slivu inashuka nayo. Tulikata kikalio kikarudi bapa, tukaweka shimu, pete nyembamba ya chuma ya kuinua slivu, yenye unene tulioupigia hesabu, moja tu, kwa sababu shimu juu ya shimu hatuzipangi. Gharama ya kupima bloku nzima haikufikia bei ya gasketi mojawapo alizokwishaunguza, achilia mbali siku ambazo kontena lililala njiani.

Halafu kuna maji. Visima vingi vya kisiwani na vya pwani yote hii vina chumvi, na madereva wanajaza rejeta kwa maji hayo hayo kwa sababu yapo karibu na ni ya bure. Chumvi inakula kikalio kutoka ubavuni. Tena upande wa nje wa slivu una adui mwingine: pistoni inapoipiga slivu ubavuni, ukuta unatetemeka, vipovu vidogo vya mvuke vinazaliwa kwenye maji na kupasuka palepale juu ya chuma, na kila kinapopasuka kinang'oa chembe. Baada ya muda unaona vitundu vidogo vimejipanga upande mmoja, na maji yanaingia kwenye oili. Dawa ya rejeta yenye viambato vya kukinga slivu ndiyo inayozuia hayo, ikichanganywa na maji yasiyo na chumvi. Mvuvi mmoja wa Likoni, mwenye boti iliyofungwa injini ya lori, alituletea bloku ambayo vikalio viwili vilikuwa vimeliwa mpaka mikromita haina pa kukaa. Alikasirika tulipomwambia hatuwezi kutia slivu kabla ya kukata vikalio vyote. Tungeweza kuitia na kuchukua pesa yake. Ingemfia baharini, na kule hakuna pa kuegesha.

Kuhusu bei: ndiyo, tuko juu kidogo kuliko anayegonga slivu kwa kipande cha ubao. Mikromita ya kina nzuri si ya bei ya sokoni, na fundi anayeisoma kwa uaminifu hatumlipi kibarua cha siku. Bei ya kupima haishuki kwa sababu umeharakishwa na mwenye mzigo. Ukipima kwingine ukaleta karatasi yenye namba, tutazihakiki mahali pachache, na tukizikuta sawa hatutozi.

Kila bloku inayotoka kwetu inatoka na karatasi: kina cha kila kikalio, unene wa kila kola, kimo cha kila slivu kwa pande nne, na tofauti kati ya jirani na jirani. Iulize usipopewa. Fundi wako atakayefunga hedi anaihitaji.

Unapoleta bloku, lete na hedi, na slivu mpya zikiwa bado zimefungwa. Gasketi ya zamani usiitupe, maana alama ya moto juu yake inatuonyesha ni silinda gani ya kuanzia. Na kama kuna mtu amewahi kuweka shimu, tuambie mapema hata kama hukumbuki ni nani. Bloku tunazipokea asubuhi, kabla ya jua kupanda.