Kiasi siyo uvivu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nijibu ile makala yenu ya kuhimiza ubora, ambayo mwandishi alisema mtu wa Mungu hatakiwi kuridhika na kazi yenye kasoro hata moja. Hapo ndipo tunapopishana, na nimeisoma mara mbili nisije nikamsingizia.

Watu wa hivyo tunao wengi na tunawajua. Mtu anatawadha, akifika miguuni anaingiwa na shaka, anaanza upya, anaanza tena, wenzake washatoa salamu yeye bado yuko kwenye maji. Mwingine kaungama, kasamehewa, akifika mlangoni anarudi kwa padri eti kuna kipande hakukisema vizuri. Ofisini ni walewale, ripoti haitoki kwa sababu bado haijawa pafekti, na mwisho wake haitoki kabisa. Sisi huku nje tunawasifia kwamba wako siriasi, kumbe ndani wanateketea jamani.

Ignatius wa Loyola, ambaye baadaye alianzisha Wajesuiti, shirika la watawa wa Kikatoliki, mwaka 1522 akiwa Manresa huko Hispania alishikwa na hali hii vibaya sana. Alikuwa ameshaungama kila kitu, mengine kwa maandishi kabisa, bado roho haitulii, basi akaamua hatakula wala kunywa mpaka Mungu amtoe humo, akakaa hivyo kuanzia Jumapili mpaka Jumapili nyingine. Muungamishi wake alipojua akamwamuru ale. Yaani kula ndiyo ikawa utii! Na shida haikuisha hapo, ilimrudia baada ya siku chache, mpaka alipokata shauri kwamba dhambi za zamani hazirudii tena kwenye ungamo.

Kwa Waislamu ipo hadithi ya kamba, wameipokea wakusanyaji wakubwa wa hadithi, Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa kati ya nguzo mbili, akauliza ya nini, akaambiwa ni ya mkewe Zaynab, akichoka kusali anajishikiza nayo. Sisi tungempigia makofi. Mtume akasema ifungueni, mtu asali akiwa na nguvu, akichoka akae. Na kwenye Biblia, Mhubiri 7:16 inakataza kabisa kuwa na haki kupita kiasi, mstari ambao sijui kwa nini kwenye mahubiri hausikiki, kama vile Wagalatia 5 tunavyoisoma upendo, furaha, amani halafu tukifika kwenye kiasi pale mwishoni pumzi imetuishia.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Hewitt na Flett waligawa tabia hii ya kudai ukamilifu sehemu tatu, kuna anayejidai ukamilifu mwenyewe, kuna anayewadai wenzake, na kuna anayeamini watu wanaomzunguka wanamdai yeye. Naona sisi waumini hiyo ya tatu tumeipandisha mpaka mbinguni, Mungu tunayemwita Mwingi wa Rehema tunaishi naye kama bosi anayetafuta kosa la kumfukuzia mtu kazi.

Najua nitaambiwa je daktari wa upasuaji, je rubani? Sawa, lakini rubani ana orodha yake ya ukaguzi, akiimaliza anaruka, haanzi upya kwa sababu tu moyo umemwenda mbio. Umakini una mwisho unaojulikana. Ndo maana mimi huwa nawaambia vijana, kabla hujaanza kazi au hata ibada ya ziada sema kabisa utaishia wapi, ukifika hapo acha, hata kama nafsi inalalamika, na italalamika kweli mwanzoni.

Ila msiniweke na wale wanaosema kila kitu ni maombi tu. Wapo ambao kurudiarudia kwao ni ugonjwa, hakuna nasaha itakayowatosha, na hao waende kwa daktari bila aibu huku wakiendelea na sala zao. Hilo nalo mngelipa ukurasa, maana familia nyingi zinadhani ndugu yao amezidi ucha Mungu.

Msomaji wenu