Kwenu mnaokesha na mtoto wa mwenzenu

Wanangu,

Salamu nyingi. Nawaandikia waziwazi kwa sababu kunong'onezana ndiko kulikotufikisha hapa. Mnanijua: ni yule bibi anayechelewa kujibu ujumbe na anayeandika bila nukta. Leo nimejitahidi kuziweka. Nimelea wanangu, nimelea wajukuu, na kabla sijastaafu nilikuwa nesi wa kliniki ya watoto kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi yenu.

Majuma haya yote gumzo lenu ni mama mmoja tu, yule anayefundisha malezi mtandaoni huku akizunguka dunia na mtoto ambaye hata miaka 2 hajatimiza. Nimeyasoma yote. Kwamba anamtesa. Kwamba mtoto amekonda. Kwamba anayewafundisha wenzake ratiba ya usingizi amekutwa uwanja wa ndege saa nane za usiku. Hilo la mwisho, nakiri, lilinichekesha.

Nianze na ile video ya mtoto akilia wakati ndege inashuka. Kati ya koo na sikio la kati kuna mrija mdogo unaosawazisha hewa ya pande mbili za ngoma ya sikio. Kwa mtoto mchanga na anayetambaa au kuanza kutembea, mrija huo ni mfupi, mwembamba, na haufunguki kwa urahisi. Ndege ikishuka, hewa ya nje inaongezeka mgandamizo, ngoma inasukumwa ndani, sikio linauma, mtoto analia. Kinachosaidia ni kumeza: ziwa, chupa, kikombe, chochote cha kufyonza. Itazameni tena (najua mtaitazama) mtaona mkono wa mama umeshika kikombe tangu mwanzo. Mtoto ndiye anakisukuma. Sijawahi kuona mtoto asiye na siku ya kukataa kikombe.

La kukonda ndilo lililonishangaza zaidi. Mtoto akishaanza kutembea mashavu hupungua na miguu hurefuka, ndivyo walivyo. Uzito hupimwa kwa mizani, ukachorwa kwenye kadi mwezi hadi mwezi, na hata hapo tunatazama mwelekeo wa mstari, hatuishii kwenye nukta moja. Mimi niliyefanya kazi hiyo kila siku siwezi kusema uzito wa mtoto kwa kuangalia simu. Ninyi mliweza, tena kwa video iliyopigwa gizani.

Sisemi kwamba hakuna la kuhojiwa. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2019 linasema mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, ukihesabu na ule wa mchana. Kuvuka majira ya saa huuvuruga usingizi huo, na mwili huchukua siku kadhaa kutulia. Ningempata mama yule ningemwambia apunguze vituo, akae mahali pamoja siku nyingi zaidi, asiiache saa ya kupiga picha iipore saa ya kulala ya mtoto. Lakini ningemwambia yeye. Tena ningemwambia na jambo la kumpa moyo: mtaalamu Mwingereza John Bowlby alionyesha kwamba mtoto mdogo hujishikiza kwa mtu, na ni kwa kumtegemea mtu huyo ndipo hupata ujasiri wa kuichungulia dunia. Kwa umri ule, nyumbani ni mgongoni kwa mama. Kama mgongo upo, mengi yanavumilika.

(Na baba je? Juzi mmoja wenu alituma picha ya mwanamume akisafiri na mtoto begani. Mlimwagia mioyo. Hakuna aliyeuliza alilala saa ngapi.)

Sasa nifike kwenye lililonitoa usingizini. Mwenzenu mmoja alilitambua jengo walikofikia kwa kuangalia pazia na kipande cha ukuta, akaandika jina lake, na ninyi mkamsifu kwa jicho kali. Wanangu, mama yule hakulitaja jina hilo. Ninyi ndio mliowaambia watu msiowajua mahali mtoto anapolala usiku huo. Mwingine amehifadhi kila picha ya mtoto tangu kuzaliwa, ili mama yake akizifuta "ushahidi usipotee". Ushahidi wa nini? Mtoto yule akitaka siku moja utoto wake usitazamwe na watu, ataweza kumwomba mama yake afute. Wewe atakujulia wapi?

Mnaniambia lisemwalo lipo. Basi nami niseme langu. Mwezi uliopita nilikata sekunde chache za video yake, pale mtoto alipoanguka, nikamtumia rafiki yangu na neno moja la utani. Baada ya siku mbili ilinirudia kutoka kwa mtu mwingine kabisa, ikiwa na maandishi kwamba mtoto alizimia na mama akaendelea kurekodi. Mtoto hakuzimia. Alinyanyuka, akacheka, lakini sehemu hiyo nilikuwa nimeikata mimi mwenyewe, kwa sababu haikuchekesha.

Kama kweli huruma yenu ni kwa mtoto, kuna maswali mazito ambayo sijaona mkiyauliza. Mtoto anayeonekana kwenye matangazo ya mama yake, fungu lake la fedha liko wapi? Ufaransa ilitunga sheria Oktoba 2020 inayowahusu watoto wa chini ya miaka 16 wanaorekodiwa kwa ajili ya mitandao: mapato yakipita kiwango fulani, fungu la mtoto huwekwa akiba hadi afikie utu uzima, na mtoto mwenyewe ana haki ya kudai video zifutwe bila kuwaomba ruhusa wazazi. Jimbo la Illinois huko Marekani nalo, tangu Julai 2024, linawataka wazazi wanaopata fedha kwa video za watoto wao wawatengee fungu. Swali kama hilo mama anaweza kuulizwa kwa heshima, na akalijibu. "Una roho ya nyoka" atalijibuje?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kifungu cha 16, unamlinda mtoto asiingiliwe faragha yake kiholela wala kushambuliwa kinyume cha sheria katika heshima na jina lake. Nilipokisoma mara ya kwanza nilimfikiria mama na kamera yake. Nilipokisoma mara ya pili nilikumbuka lile pazia.

Na akitokea mtoto ambaye mna sababu ya kuamini anapigwa, ananyimwa chakula au yumo hatarini, msiandike maoni. Pigeni simu kwa ustawi wa jamii au polisi wa mahali alipo, mseme mlichokiona kwa macho na siku mliyokiona. Wale kazi yao ni kwenda kugonga mlango. Mtu anayeamini kabisa kwamba mtoto anateswa, halafu akabaki kuhesabu waliopenda alichoandika, simwelewi.

Ile video yangu nimeshaifuta. Nimemwomba na rafiki yangu afute yake. Amefuta, ila anasema aliwatumia watu saba, na wawili kati yao hakumbuki ni akina nani.

Bibi yenu