Shilingi 45,000 zilizokwama kwa neno moja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, lakini mwaka huu limemtesa mama wa watu mpaka nimeshindwa kunyamaza. Ninaendesha steshenari hapa Muheza mjini. Natoa kopi, nachapa, na kwa kuwa nilipata Kiingereza kidogo shuleni, ndiye ninayeandikia watu barua: za kuomba kazi, za uhamisho, za madai. Kwa hiyo kosa ninalolisimulia, mkono wangu umo.

Mama huyo ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha juu, milima ya Usambara Mashariki, kule ambako mvua ikinyesha siku mbili hata bodaboda wanagoma kupanda. Shirika moja lilikuwa limewaambia wahudumu kwamba mjamzito akizidiwa usiku wamtafutie usafiri, walipe wenyewe, halafu walete madai. Mwezi wa nne, masika yamekolea, mjamzito akazidiwa. Mama akakodi gari kwa shilingi 45,000. Hakuwa nazo. Alizikopa usiku uleule kwa mweka hazina wa kikundi chao cha kina mama, kwa ahadi ya kutoa rejesho kila Jumatano. Mtoto akazaliwa salama. Siku mbili baadaye mama akaingia dukani kwangu, akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi ya dereva iliyokunjwa mara nne.

"Mwanangu, niandikie wanirudishie hela yangu."

Fomu ya shirika ilikuwa ya Kiingereza tupu, na juu palikuwa na nafasi ya kujaza aina ya dai. Mimi nikasikia "wanirudishie", nikajaza refund. Kwenye barua ya kuisindikiza nikaweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa, REQUEST FOR REFUND, nikakipigia mstari. Mama akaweka dole gumba, tukatuma.

Wiki tatu baadaye barua ikarudi. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba ofisi haijawahi kupokea malipo yoyote kutoka kwa mwombaji, na kama aliwahi kulipa aambatishe stakabadhi ya ofisi. Nilikasirika. Nilimwambia mama wanamzungusha. Nikachapa upya, safari hii nikaweka compensation, nikiamini neno zito litafungua mlango. Nayo ikarudi: mwombaji aeleze amepata hasara au madhara gani, na nani aliyeyasababisha. Huku Jumatano zinapita. Kikundi hakingoji ofisi. Usipoleta rejesho, wenzako wanachanga kukuzibia pengo, nawe umekaa nao mkeka mmoja unawatazama usoni. Mama akauza kuku wawili, kisha mtetea wa tatu aliyekuwa ameatamia mayai.

Aliyetukwamua ni mzee mmoja, mhasibu mstaafu, aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Alisoma zile karatasi mbili akiwa amesimama, akavua miwani. "Binti, umemwandikia neno la dukani. Mama huyu hakununua kitu kwao." Akachukua kalamu yangu akaandika kwenye bahasha: reimbursement.

Nikamwomba akae anieleze, na alichoniambia ndicho kilichonifanya nishike kalamu kukuandikia. Alisema kabla hujachagua neno, ifuate pesa njia iliyopita. Ilitoka mfuko gani, ikaingia mkono gani? Refund ni pesa uliyompa mtu, sasa unaitaka kwa huyohuyo uliyempa. Umenunua redio, haiongei, unairudisha na muuzaji anakurudishia fedha yako. Umelipa ada ya chuo mara mbili kwa bahati mbaya, chuo kinakurudishia iliyozidi. Asili ya neno hilo ni Kilatini, maana yake kumimina tena, kama maji yanavyorudishwa mtungini yalikotoka. Maduka yetu yanaposema "mali ikishauzwa hairudishwi", refund ndiyo wanayoikataa.

Reimburse ni habari nyingine. Ndani yake mna bursa, neno la Kilatini la zama za kati lenye maana ya mfuko, ndilo hilohilo lililomzaa bursar, yule anayeshika fedha za shule. Pesa imetoka mfukoni mwako ikaenda kwa mtu wa tatu, kwa shughuli ambayo gharama yake ilikuwa ya mwingine. Huyo mwingine anakujazia mfuko wako. Ile 45,000 ilitoka kwa mama ikaenda kwa dereva. Shirika halikuigusa hata kidogo, sasa lingerudisha nini? Nilipoielewa hiyo, aibu ilinishika kweli. Yule wa kalamu nyekundu alikuwa amejibu sawasawa kile nilichomwandikia. Lakini pia alikuwa ameona karatasi ya dereva na jina la hospitali, na angeweza kujua mama anadai nini. Hilo namlaumu mpaka leo.

Compensation mzee hakuchukua muda nayo, na hapa Tanga haihitaji maelezo mengi. Fidia tunaijua tangu ulipokuja mradi wa bomba la mafuta ghafi, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, watu wakapimiwa mashamba na kuhesabiwa minazi. Umeondokewa na kitu, au umeumia, unapewa cha kusawazisha mizani. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi nao umeitwa hivyo kwa sababu hiyo.

Na repay je? Hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnyima mama usingizi. Ni kulipa mkopo. Shirika linam-reimburse mama, mama ana-repay kikundi. Pesa ileile, wiki ileile, maneno mawili.

Sasa turudi kwetu, maana nisingependa msomaji aondoke akidhani Kiswahili ndicho kilichotuponza. Chukua neno moja tu, rejesha. Mwanamke wa kikundi anapeleka rejesho: analipa mkopo. Mtumishi aliyepewa fedha za safari anarejesha masurufu: anapeleka stakabadhi kuonyesha alivyotumia, na kilichobaki. Mhudumu wangu anataka kurejeshewa gharama: alitanguliza za kwake. Shina ni lilelile, lakini hakuna Mswahili anayechanganya, kwa sababu mkia wa kitenzi unatwambia nani anatoa na nani anapokea, na jina linalofuata linatwambia ni mkopo, ni masurufu au ni gharama. Kiingereza kazi hiyo kinaifanya kwa kubadili neno zima. Mimi nililibeba shina nikauacha mkia. Mama alisema "wanirudishie", nami nilichosikia ni "rudisha". Laiti ningemuuliza swali moja tu, "Pesa ulimpa nani, mama?", kuku wake wangekuwa bandani.

Tangu siku hiyo nawauliza wateja wote swali hilo, na nimegundua mengi. Kijana fundi alikuja na rasimu ya barua ya kumshukuru bosi wake wa zamani aliyemfundisha kazi bure. Ameandika I will pay you back for what you did to me. Nia yake njema kabisa, lakini ukiisoma ni barua ya mtu anayekuja na panga. Kiingereza hapo hakikutenganisha kulipa fadhila na kulipiza kisasi, wakati sisi tunayo lipa na lipiza, na mtoto wa darasa la pili hawezi kuzikosea. Tukaweka repay your kindness, akaenda zake. Wengine, wasomi kabisa, wananiletea renumeration wakitaka kusema ujira. Ni remuneration, m inatangulia. Chimbuko lake ni neno la Kilatini la zawadi, wala si la namba.

Madai ya mama yalilipwa siku kumi baada ya kubadili neno hilo moja. Ujumbe wa simu uliingia akiwa shambani, akamtuma mjukuu wake aje kuniambia. Zilikuwa shilingi 45,000 kamili. Kwa kikundi alikuwa amekwisha kulipa 52,000, kwa sababu ya riba iliyoongezeka tukiwa tunabadilishana makaratasi. Hiyo 7,000 ndiyo iliyostahili kuitwa compensation, nami nilimwambia nimwandikie bila malipo. Akakataa. Alisema amechoka na karatasi.

Mhariri, mwaka 2021 Bunge letu lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Kama kesi ya ardhi inaweza kusikilizwa na kuamuliwa kwa Kiswahili, dai la nauli ya kumpeleka mjamzito hospitali linahitaji Kiingereza cha nini? Naelewa kwamba wafadhili wako Ulaya na Marekani na wahasibu wao wanataka kusoma. Basi wao ndio watafsiriwe. Mhudumu aandike "naomba kurejeshewa gharama za usafiri", na mwenye kompyuta na kiyoyozi atafute neno la Kiingereza linalolingana nayo. Leo mzigo huo kaachiwa mama aliyeacha shule darasa la nne, naye kaniachia mimi, nami nikamwangusha mara mbili.

Kama wahusika wa shirika lile wanasoma gazeti hili, fomu yao ina kurasa mbili tu. Nimekwisha kuitafsiri yote, iko kwenye kompyuta ya dukani. Waje na flashi, sitawatoza hata shilingi.

Mchapaji wa barua,
Muheza, Tanga.