Si ekutere ya muziki hii

Bwana mhariri, salamu toka Kadutu hapa Bukavu. Tarehe 3 mwezi wa 3 ilikuwa siku ya kusikia duniani, redio ikasema kwa hesabu ya OMS, shirika la afya duniani, watu zaidi ya milioni 430 masikio yao yanahitaji msaada, mimi niko mmoja wao, basi nikasema acha na mimi niandike.

Navaa apareyi ya kusikilia, mbili, kushoto na kuume, ju ya menenjiti (homa ya uti wa mgongo) niliyougua nikiwa na miaka 9 (majirani walisema ni ulozi wa shangazi, maskini shangazi). Jumapili moja mzee wa protokole akanifata mpaka kwenye kiti, akidhani nimeweka vile vya masikioni vya kusikilizia muziki, "Mama, toa ile ekutere, tuko mu kanisa." Nikatoa, watu walikuwa wanaangalia, ibada yote nikabaki naona tu mdomo wa pasta unacheza, kufika nyumbani nikamwambia mume wangu mahubiri yalikuwa mazuri sana.

Huyo mzee hakujua, simlaumu. Wanaonichosha ni wanaojua. Kuna wanaonipigia kelele ndani ya sikio wakidhani wananisaidia, kumbe apareyi inakuza kila kitu, kelele inaingia kama msumari na maneno yanavurugika. Sokoni ndo balaa, mashini ya kusaga, motari wanapiga honi, mama wa ndagala anaita wateja, vyote vinaingia pamoja na sauti ya mtu ninayeongea naye, apareyi haikurudishii sikio la zamani bana. Simama mbele yangu nione mdomo wako, ongea taratibu, imeisha.

Alafu kuna hii. Tuko tunakula, wote wanacheka, nauliza "mumesema nini?" wananijibu "Aah, acha, haiko kitu." Kama haiko kitu mnacheka nini? Jina la kiziwi nililizoea toka shule, hii ya haiko kitu mpaka leo inanikata, tena inatoka kwa watu wangu wa damu wanaonipenda.

Lakini na sisi familia tuna mchezo wetu wa kuficha. Siku wageni wa posa wanakuja, mama alinifunga kitambaa kikubwa mpaka masikio yakafunikwa yote, asikose mukwe. Hakujua apareyi ukiifunika hivo sauti inajirudia ndani inapiga filimbi. Ikalia fiiii katikati ya salamu, wazee wakaanza kujipapasa mifukoni wakitafuta simu ya nani. Kijana peke yake ndo alicheka, ju yeye alikuwa anajua toka zamani, na ndo mume wangu huyo wa mahubiri.

Juzi jirani yangu, binti yake wa miaka 6 ndo ametoka kupewa apareyi, amekuja kuniuliza kitambaa cha namna gani kinafunika vizuri. Nikamwambia itapiga filimbi.

Mama mushonaji,
Kadutu, Bukavu