Si kila namba inayokua ni Fibonacci

Mhariri,

Siku hizi jina la Fibonacci limekuwa kama chumvi: kila makala yenye namba lazima litiwe. Biashara ya piramidi ambamo kila mtu analeta wenzake wawili, Fibonacci. Ugonjwa unaosambaa, Fibonacci. Ganda la konokono likipigwa picha vizuri, Fibonacci. Jina hili lina maana moja tu, na hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuikagua: kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. 1, 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, 144, na kuendelea.

Sasa ipime ile piramidi: 1, 2, 4, 8, 16. Jumlisha 2 na 4, unapata 6, lakini orodha inasema 8. Huko ni kuzidisha kwa mbili, na tofauti yake si ya kupuuza. Leonardo wa Pisa, Mwitaliano ambaye leo huitwa Fibonacci, katika kitabu chake cha mwaka 1202, aliuliza jozi moja ya sungura itafikia jozi ngapi kwa mwaka, ikiwa kila jozi iliyokomaa huzaa jozi moja kila mwezi na watoto huanza kuzaa katika mwezi wao wa pili. Jibu ni jozi 377. Ondoa huo muda wa kukua, kila jozi izae mwezi hadi mwezi tangu mwanzo, na zizi litakuwa na jozi 4,096. Kinachoifanya Fibonacci iwe Fibonacci ni kule kusubiri: jozi zinazozaliwa mwezi huu ni sawa na zilizokuwepo miezi miwili nyuma.

Kosa la pili liko kwenye neno. Wengi huandika "mfululizo wa Fibonacci" wakimaanisha orodha. Heri tuseme mfuatano kwa orodha, na mfululizo tuuache kwa namba zinazojumlishwa. Namba ya 10 katika mfuatano ni 55. Ukijumlisha namba hizo 10 zote unapata 143. Msomaji aliyeambiwa "mfululizo" ajibu lipi? (Kuna njia ya mkato: jumla ya namba 10 za kwanza ni namba ya 12, toa 1. Yaani 144 toa 1.)

Na hapo kwenye "namba ya 12" pana mtego mwingine. Anayeanza na 1, 1 atasema ni 144. Anayeanza na 0, 1 atasema 89. Anayeanza na 1, 2, kama mtu anayewahesabu sungura wale tangu siku ya kwanza, atasema 233. Wote watatu wako sahihi, ila swali ndilo bovu. Chemshabongo ya gazeti isiyotaja namba mbili za mwanzo haina jibu moja.

Jina lenyewe lilikuja baadaye sana. Leonardo alijitambulisha kuwa mtu wa ukoo wa Bonacci, na aliyeupa mfuatano huu jina la Fibonacci ni Mfaransa Édouard Lucas, karne ya 19. Tarakimu za Kihindi, hizi tunazoandikia leo, Leonardo alijifunzia Bugia, bandari ya Algeria ya leo, kwa hiyo Afrika imo katika habari hii. India imo zaidi: mnamo mwaka 1150 msomi wa huko, Hemachandra, alikuwa tayari ameandika kanuni hiyohiyo alipohesabu mipangilio ya silabi fupi za pigo moja na ndefu za mapigo mawili. Mapigo manne hupangika kwa njia 5, matano kwa njia 8. Mshairi wetu asikimbilie kuihamishia kwenye mizani. Sisi kila silabi ni mizani moja, fupi na ndefu hatuna.

Kurasa za biashara nazo. Mistari ya asilimia 61.8, 38.2 na 23.6 ambayo vijana wa forex, biashara ya fedha za kigeni, huichora kwenye chati inatoka kweli humu: gawa 55 kwa 89, kisha 34 kwa 89, kisha 21 kwa 89. Mstari wa 50 hautoki humu. Ni kweli 1 kwa 2 ni nusu, lakini ukiendelea unapata 2 kwa 3, 3 kwa 5, 5 kwa 8, na uwiano unatulia kwenye 61.8, haurudi tena kwenye 50. Nusu imewekwa kwa mazoea. Isitoshe, hesabu hii inatoa asilimia tu. Bei itageukia wapi, haina habari.

Anayetaka Fibonacci ya kushika mkononi anunue nanasi lililojaa vizuri. Macho yake yamepangwa kwa misururu inayopanda kwa kuzunguka. Paka chaki msururu mmoja mzima, kisha hesabu misururu inayolala sambamba nao mpaka uurudie ule wa chaki. Kwa kawaida utapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili. Wengi hukosea kwa kuhesabu macho yaliyo ndani ya msururu badala ya misururu yenyewe, au kwa kuchagua nanasi lililopinda.

Na watangazaji wanaosoma habari hizi kwa sauti: hutamkwa Fibonachi.

Mwalimu wa hisabati,
Tanga