Kikao cha Jumamosi: wenzetu na mabadiliko ya kazini

Assalamu alaykum wakuu wa vitengo.

Jumamosi baada ya alasiri, Michenzani, pale pale. Mada ni ile mliyoipigia kelele: mifumo mipya imeingia, watu bado wanavuta miguu.

Mmarekani William Bridges, mwandishi na mshauri wa mambo ya mabadiliko kazini, alitenganisha mambo mawili: badiliko lenyewe, linaloletwa na waraka wa mkurugenzi, na yale yanayompitia mtu moyoni, yanayoanza kwa kuagana na alichokizoea. Hapo ndipo tunapojikwaa. Mshika ghala aliyeshika daftari miaka yote, anajua kila ukurasa, unamwekea kompyuta mezani halafu unamwita mbishi! Muulize kwanza anapoteza nini. Mara nyingi kinachomuuma ni kwamba hakuna atakayemuuliza tena. Basi mpe yeye kazi ya kukagua hesabu zinazoingizwa, na daftari liendelee sambamba hata mwezi mzima.

Katikati, la zamani limeachwa na jipya halijazoeleka, makosa yatazidi kidogo. Barua za onyo wakati huo, nakuombeni, ziwekeni kando.

Kila mmoja aje na suali moja la watu wake, kama lilivyosemwa, bila kulipamba. Watu wa mapokezi, nyinyi khasa tunakungojeni. Kahawa ipo, kashata kila mtu na zake.